Nikihama kutoka Minnesota kwenda Texas, sheria ya kutobaguliwa inahama nami?

SWALI: Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya kuhudumia wazee hapa Minneapolis. Naishi na mwenzangu, mwanamke kama mimi, na tuna cheti cha ndoa cha serikali. Nimepata kazi karibu na Dallas, Texas, mshahara unazidi huu wa sasa. Rafiki yangu mmoja ananiambia niende bila wasiwasi, eti Mahakama ya Juu ilishamaliza jambo hili nchi nzima. Mwingine anasema Texas mwenye nyumba anaweza kutukatalia nyumba kwa kutuangalia tu, na hatuna pa kulalamika. Nani mkweli?

JIBU: Dada, rafiki zako wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja kashika upande wake. Wa kwanza anazungumzia kazi, wa pili anazungumzia nyumba. Huko kwetu tumezoea kwamba sheria ya ajira ni ile ile ukiwa Mombasa au Eldoret. Marekani mambo si hivyo. Mtu yule yule, siku ile ile, anaweza kulindwa na sheria ya taifa akiwa kazini, akakosa sheria yoyote ya kumtetea akiingia dukani, na akirudi nyumbani akalindwa na sheria ndogo ya jiji kwa sababu tu anaishi upande huu wa barabara na si ule. Kwa hiyo ukiniuliza kama Texas ni salama, sitakuwa na jibu. Ukiniuliza ni jambo gani, ni mwajiri au mwenye nyumba wa aina gani, na ukionewa utakimbilia ofisi ipi, hapo tunaweza kuzungumza.

Nianze na kazi, kwa sababu ndiko ulinzi ulikoshika zaidi.

Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, Sura ya VII, inamkataza mwajiri kubagua kwa rangi, dini, jinsia au taifa la asili. Haitaji popote wapenzi wa jinsia moja wala watu waliobadili jinsia, na kwa miaka mingi mahakama nyingi zilisema hivi: hawakutajwa, basi hawamo. Hata Juni 2015, Mahakama ya Juu ilipofungua mlango wa ndoa za jinsia moja katika majimbo yote, pengo hilo lilibaki. Wanasheria walikuwa wakisema mtu anaweza kufunga ndoa Jumapili na kufukuzwa kazi Jumatatu kwa kuweka picha ya harusi mezani pake. Halikuwa neno la kutia chumvi. Katika sehemu kubwa ya nchi ndivyo sheria ilivyokuwa.

Kilichobadilisha mambo ni hukumu ya tarehe 15 Juni 2020, inayojulikana kwa jina la Bostock. Zilikuwa kesi tatu zilizounganishwa. Gerald Bostock alikuwa mtumishi wa Clayton County, Georgia, akishughulikia masuala ya watoto. Alifukuzwa muda mfupi baada ya kujiunga na timu ya softboli ya mashoga. Donald Zarda alikuwa akiwafundisha watu kuruka kwa parachuti New York. Aimee Stephens alifanya kazi katika kampuni ya mazishi huko Michigan, na alipomwandikia mwajiri wake barua kwamba kuanzia sasa atakuja kazini akiwa mwanamke, kazi ikaishia hapo. Zarda na Stephens walifariki kabla ya kuisikia hukumu iliyobeba kesi zao.

Aliyeiandika hukumu hiyo ni Jaji Neil Gorsuch, mhafidhina aliyeteuliwa na Rais Trump, na kura zilikuwa 6 kwa 3. Hoja yake ni rahisi kiasi kwamba unaweza kumwelezea mtu kituoni mkisubiri basi. Mwajiri ana wafanyakazi wawili, sawa kwa kila kitu, na wote wanavutiwa na wanaume. Mmoja ni mwanamke, mwingine ni mwanamume. Akimfukuza yule mwanamume kwa sababu ya kuvutiwa na wanaume, amemwadhibu kwa jambo ambalo kwa mwanamke hakuliona kosa. Tofauti yao ni jinsia tu, na jinsia imeshakatazwa tangu 1964. Hapakuhitajika Kongresi kuongeza neno.

Hivyo basi Sura ya VII itakuwa nawe Dallas kama ilivyokuwa nawe Minneapolis. Texas kuna kitu kingine ambacho hata Watexas wengi hawakijui: mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya Dallas, katika kesi ya mfanyakazi wa zamani wa chuo cha Tarrant County, iliamua kwamba sheria ya ajira ya jimbo lenyewe isomwe kwa mtindo ule ule wa Bostock. Bunge la Texas halijawahi kuandika maneno hayo, na wabunge waliojaribu kuyapeleka hawakufika mbali. Yamepatikana kupitia majaji. Tofauti hiyo iweke akilini, nitairudia.

Sasa nije kwenye matundu, maana rafiki yako wa kwanza hakukuambia habari zake.

Tundu la kwanza ni idadi. Sura ya VII inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi, na sheria ya Texas nayo imeweka mstari hapo hapo. Katika kazi yako hili si jambo dogo. Nyumba nyingi za kulelea wazee wanazofanyia kazi ndugu zetu ni nyumba za kawaida za mtaani zenye vitanda sita au vinane, wahudumu saba, na mwenye nyumba ambaye ndiye meneja na ndiye mhasibu. Mwajiri kama huyo Texas, akikuambia waziwazi kwamba hataki mwanamke mwenye mke, sheria ya taifa haimgusi. Minnesota, sheria ya haki za binadamu ya jimbo inamgusa hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja. Majimbo yamejiwekea mistari kila moja kwa hesabu yake: Pennsylvania na Ohio ni wafanyakazi 4, California 5, Washington 8. Kwa hiyo kabla hujatia sahihi, ulizia kampuni ina watu wangapi kwa jumla, si wangapi katika tawi lako. Ukipelekwa na wakala wa ajira mwenye wahudumu mia mbili, wakala huyo naye huwa anahesabika kuwa mwajiri wako, na hilo linakusaidia.

Na ikiwa familia ya mzee ndiyo inayokulipa moja kwa moja kwa kazi ya nyumbani kwao, jihadhari kokote uliko. Hata sheria ya Minnesota, kwa upana wake wote, inawaacha nje wanaofanya kazi za ndani kwa mtu binafsi. Vivyo hivyo wanaoendesha Uber au malori kwa mkataba wa kujitegemea: kisheria si waajiriwa, na Sura ya VII inazungumza na waajiriwa.

Tundu la pili ni ushahidi. Karibu kila jimbo la Marekani, isipokuwa Montana, mwajiri anaweza kukuachisha kazi kwa sababu yoyote au bila sababu, almuradi si ile iliyokatazwa. Hakuna barua tatu za onyo kwa lazima ya sheria, hakuna kikao cha nidhamu. Kwa hiyo ugomvi mzima huwa juu ya sababu ya kweli ilikuwa ipi. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho inayoihudumia Texas iliitupa kesi ya mfanyakazi wa duka la simu aliyebadili jinsia. Haikusema Bostock haimhusu. Ilisema karatasi zake hazikuonyesha kwamba yeye alitendewa vibaya kuliko mtu mwingine aliye katika hali kama yake. Ndiyo maana huwa nawasumbua wateja na madaftari: andika tarehe, andika nani alisema nini na nani alikuwepo, na tathmini zako nzuri za kazi ziweke kwenye simu yako mwenyewe, si kwenye kompyuta ya kampuni utakayofungiwa siku ya kufukuzwa. Ila taarifa za wagonjwa usizichukue kamwe, hizo zitakufukuzisha kihalali.

Tundu la tatu ni dini. Shirika la kidini linaruhusiwa na Sura ya VII kuajiri watu wa imani yake, na kwa walio katika nafasi za kiroho mahakama haziingilii kabisa. Nyumba nyingi za wazee zinaendeshwa na makanisa. Mhudumu wa kawaida si mchungaji, lakini mipaka ya msamaha huu bado inagombaniwa mahakamani, na kwenye kanda ya Texas imesogezwa mbele zaidi: mwaka 2023 mahakama hiyo hiyo ya rufaa iliiruhusu kampuni binafsi ya biashara, Braidwood, isibanwe na Sura ya VII katika jambo hili kwa sababu ya imani ya mwenye kampuni. Haina maana kila mwajiri Mkristo anaweza kujificha humo. Lakini ofa yako ikitoka kwenye taasisi ya kanisa, soma mkataba wote, hasa ukurasa wa maadili, ambao watu huuruka ili wafike kwenye mshahara.

Kuhusu siku za kulalamika nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nimeona kesi nzuri zikifia hapa. Texas, hesabu siku 180 tangu siku ulipotendewa jambo. Tume ya shirikisho ya ajira, EEOC, inaweza kukubali hadi siku 300 pale ambapo jimbo lina ofisi yake yenye mamlaka juu ya ubaguzi wa aina hiyo, lakini usiwe wewe wa kuujaribu mstari huo. Minnesota wanakupa mwaka mmoja. California na New York miaka mitatu katika ofisi za jimbo. Ukishapewa barua ya kukuruhusu kwenda mahakamani, Sura ya VII inakupa siku 90, na jaji hatakuhurumia ya 91. Fidia nayo ina dari: kwa maumivu na adhabu, sheria ya taifa inaanzia dola 50,000 kwa kampuni ndogo na kuishia 300,000 kwa kampuni yenye watu zaidi ya 500. Mishahara uliyopoteza huhesabiwa kando.

Kuna jingine la wakati huu. EEOC ni mlango wa kupitia, na aliyeushika mlango hubadilika na uchaguzi. Tangu Januari 2025, Rais Trump alipotia sahihi amri kwamba serikali kuu itambue jinsia mbili tu za kuzaliwa, tume hiyo ilirudi nyuma katika kesi kadhaa za watu waliobadili jinsia ilizokuwa imezifungua yenyewe. Hukumu ya Bostock haijafutwa na amri haiwezi kuifuta. Bado unaweza kwenda mahakamani kwa wakili wako. Ila mtu aliyekuwa anategemea serikali imshitakie mwajiri, sasa ajue huenda atatembea peke yake. Kwa majimbo yenye sheria yao na tume yao, kama Minnesota, mabadiliko ya Washington yanafika yakiwa yamepungua nguvu. Hapo ndipo utakapoisikia tofauti ya kuhama.

Nyumba.

Sheria ya taifa ya makazi ni ya 1968, na neno jinsia liliongezwa 1974. Kama ilivyo kwenye ajira, haitaji mwelekeo wa kimapenzi (unavutiwa na nani) wala utambulisho wa kijinsia (jinsia unayojitambua nayo). Baada ya Bostock wizara ya nyumba, HUD, ilitangaza Februari 2021 kwamba itaisoma kwa mantiki ile ile na kupokea malalamiko. Mwaka 2025 uongozi mpya wa wizara ukatangaza kusimamisha utekelezaji wa kanuni ya miaka ya nyuma iliyowalinda watu hawa katika nyumba zinazofadhiliwa na wizara. Mahakama ya Juu yenyewe haijaamua kesi ya nyumba. Kwa hiyo Texas, mwenye nyumba akiwakatalia, hoja ipo na ni nzuri, na una miaka miwili ya kwenda mahakamani moja kwa moja, lakini utakuwa unaijenga mwenyewe tofali kwa tofali. Sheria ya makazi ya jimbo la Texas haiwataji. Na kama ni jengo lenye makao ya familia zisizozidi nne ambalo mwenyewe anaishi humo, sehemu kubwa ya sheria hiyo ya makazi ya taifa haimfikii.

Nikupe kesi moja ambayo wewe, kwa kazi yako, utaielewa kuliko mimi. Marsha Wetzel alihamia nyumba ya wazee katika kitongoji cha Chicago baada ya mwenzi wake wa miaka mingi kufariki. Wenzake walipojua aliishi na mwanamke, wakaanza. Mmoja alimgonga kwa kigari chake cha umeme. Mwingine alimtemea mate. Alitukanwa kwenye chumba cha kulia na kupigwa kutoka nyuma akiwa chumba cha barua. Alipolalamika, uongozi ulimwona yeye ndiye msumbufu, ukambadilishia meza ya chakula na kumwekea mipaka ya sehemu za kukaa. Agosti 2018 mahakama ya rufaa ya kanda ile, inayohudumia Illinois, Indiana na Wisconsin, ikasema: mwenye nyumba anayejua kwamba mpangaji wake anateswa kwa sababu ya jinsia, na ana uwezo wa kuzuia, akakaa kimya, anawajibika kwa sheria ya makazi ya taifa. Angalia lakini: hukumu hiyo inabana kanda yake. Texas iko kanda nyingine. Wakili wako ataisoma mbele ya jaji kama mfano, si kama amri. Hata sheria ya taifa, kumbe, ina mikoa yake.

Dallas yenyewe, jiji, ina sheria ndogo tangu 2002 inayokataza ubaguzi wa mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa kijinsia katika kazi, nyumba na huduma. Austin, Fort Worth na San Antonio nazo zina za kwao. Houston walipitisha yao 2014, ikapigwa vita usiku na mchana kwa matangazo ya kutisha watu kwamba wanaume wataingia vyoo vya wanawake, na Novemba 2015 wapiga kura wakaifuta kwa takriban asilimia 61. Jiji kubwa kuliko yote Texas halina, majirani zake wanayo! Pia bunge la jimbo lilipitisha mwaka 2023 sheria inayoizuia miji kujiundia kanuni katika maeneo ambayo jimbo limeyashika, yakiwemo kazi na mali. Jaji wa Austin aliitangaza kuwa kinyume cha katiba ya jimbo, lakini Julai 2025 mahakama ya rufaa ikaiondoa hukumu hiyo. Kwa hiyo ulinzi wa jiji la Dallas upo kwenye vitabu, ila usiuegemee mzima mzima.

Huduma na maduka nitapita haraka. Sheria ya taifa ya 1964 inayohusu hoteli na migahawa haina neno jinsia kabisa, kwa hiyo hata hoja ya Bostock haina pa kushika. Kila kitu ni jimbo au jiji. Na majimbo matano, Texas ikiwemo, pamoja na Georgia, Alabama, Mississippi na North Carolina, hayana sheria ya jumla ya jimbo ya kuzuia ubaguzi kwenye maeneo ya huduma. Wanategemea ile ya taifa. Lakini usidhani kwenye majimbo yenye sheria kali mambo yamefungwa. Colorado inayo, na Juni 2023 Mahakama ya Juu iliamua, 6 kwa 3, kwamba jimbo hilo haliwezi kumlazimisha mbunifu wa tovuti kutengeneza tovuti za harusi za jinsia moja, kwa kuwa kazi ile ni maneno yake. Muuza viti hana kinga hiyo. Mpaka kati ya muuza viti na mbunifu bado unachorwa.

Umeuliza Minnesota na Texas, lakini najua wengi wanaosoma hapa wako Columbus, Des Moines, Louisville, kwa hiyo nipanue kidogo.

Jimbo la kwanza kabisa kupitisha sheria lilikuwa Wisconsin, mwaka 1982, na gavana aliyeitia sahihi, Lee Dreyfus, alikuwa Republican. Sheria hiyo inataja mwelekeo wa kimapenzi tu. Minnesota mwaka 1993 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwaingiza na waliobadili jinsia. Leo zaidi ya majimbo 20, pamoja na mji mkuu Washington, yameandika yote mawili wazi. Virginia ilijiunga 2020, ya kwanza katika majimbo ya Kusini. Utah mwaka 2015 ilifanya lake: kanisa la Wamormoni lilikaa meza moja na wanaharakati, wakakubaliana kulinda kazi na nyumba, na kuacha maduka na huduma nje. Wapo wanaoicheka sheria hiyo kwa kuwa nusu. Mimi nadhani mpangaji wa Salt Lake City ana karatasi ya jimbo ambayo wewe Dallas hutakuwa nayo.

Kisha kuna majimbo ambayo sheria imo bila bunge kuiandika, na haya ndiyo yanayowachanganya watu, na hata mawakili. Pennsylvania, tume ya jimbo ndiyo iliyosema neno jinsia linawajumuisha, na mwaka 2023 ikaliweka kwenye kanuni. Florida, tume yao ilianza kupokea malalamiko 2021. Ohio, tume vilevile inapokea, huku zaidi ya miji 30, Columbus ikiwemo, ikiwa na sheria zake ndogo. Ulinzi wa namna hii unafanya kazi vizuri hadi siku wajumbe wa tume wanapobadilika. Michigan waliufunga mlango huo: Mahakama ya Juu ya jimbo ilitoa tafsiri Julai 2022, na bunge halikungoja, Machi 2023 Gavana Gretchen Whitmer akatia sahihi maneno yenyewe kwenye sheria ya 1976. Hiyo ndiyo tofauti niliyosema nitairudia. Texas una tafsiri ya majaji. Minnesota una maandishi ya bunge.

Ila maandishi nayo hufutika. Iowa iliyaandika yote mawili, mwelekeo na utambulisho, 2007. Februari 2025 Gavana Kim Reynolds alitia sahihi sheria ya kuondoa utambulisho wa kijinsia, na kuanzia tarehe 1 Julai 2025 neno hilo halimo tena, jimbo la kwanza kulipokonya kundi ulinzi lililokuwa nao. Mwelekeo wa kimapenzi ulibaki. Kwa hiyo Des Moines, wewe na mwenzako mngelindwa na jimbo, lakini jirani yenu aliyebadili jinsia angebakiwa na sheria ya taifa kazini, na kwingineko ajitafutie. Tennessee tangu 2011, na Arkansas tangu 2015, wamefanya kingine: wameizuia miji yao isiwe na ulinzi mpana kuliko wa jimbo. Mji wa Fayetteville, Arkansas, ulijaribu, mahakama ya juu ya jimbo ikaukatalia 2017.

Nisisahau jambo dogo linalowashangaza wengi. Sheria hizi hazimlindi shoga peke yake. Juni 2025 Mahakama ya Juu, majaji wote tisa, iliamua kesi ya Marlean Ames wa Ohio, mwanamke anayevutiwa na wanaume, aliyesema alinyimwa cheo, kikapewa wapenzi wa jinsia moja. Walisema hawezi kudaiwa ushahidi mzito kuliko mtu mwingine yeyote. Mfanyakazi mwenzako anayelalamika kwamba sheria hii ni ya upendeleo, mwambie hilo.

Ndoa yenu haitavuka mpaka ikafa. Uamuzi wa 2015 unaibeba, na Desemba 2022 Kongresi ilipitisha sheria inayolazimisha majimbo kutambua ndoa iliyofungwa kihalali jimbo jingine. Bima ya afya ya mwenzi, likizo ya kumuuguza, kodi ya mapato: dai kama mke yeyote. Beba nakala ya cheti iliyothibitishwa, na mwandikiane hati ya maamuzi ya hospitali kwa kufuata fomu ya Texas, maana ile ya Minnesota itamfanya karani wa usiku aanze kupiga simu.

Ningekuwa wewe, kazi ningeikubali kama kampuni ina watu zaidi ya 15 na si taasisi ya kanisa, na nyumba ningetafuta ndani ya mipaka ya jiji la Dallas lenyewe, kwenye jengo kubwa lenye kampuni ya kulisimamia, kwa sababu kampuni hizo mara nyingi zina sera ya maandishi ya kutobagua na zinaogopa kesi. Majina yote mawili yawe kwenye mkataba. Na usidanganywe na anwani: barua inaweza kuandikwa "Dallas, TX" huku nyumba iko nje ya jiji, kwenye mji mdogo usio na sheria hiyo. Tafuta nyumba kwenye ramani ya mipaka ya jiji, au piga simu 311 uwasomee anwani, kabla hujalipa ada ya maombi. Ada hiyo kwa kawaida hairudishwi.